Siku Ambazo Elirehema Hakupima

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na Elirehema. Alizawadiwa shuleni kwa kushika namba moja, akaja akaliweka juu ya mashine yangu ya kufumia na kusema, "Mama, wewe unasahau. Juzi ulisema kifua cha mtoto wa Mama Parsimei ni sabini, leo unasema sitini na nane. Andika." Mtoto wa miaka kumi ananipangia kazi. Haya, naandika.

Nianze kama kwenye fomu. Jina: Anneth. Umri: thelathini na nne. Kazi: fundi wa sweta za shule. Mume: hakuna. Hilo la mwisho fomu zote huliuliza, na kila karani huliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Baba yake Eli alikwenda machimbo ya Mererani kutafuta mawe mtoto akiwa bado tumboni. Nadhani bado anayatafuta.

Tunaishi kwenye kihamba, shamba la migomba la marehemu baba, huku mlimani juu ya Tengeru. Kaka yangu Gerson na mkewe wako nyumba ya mbele. Mama yangu, mimi na Eli tuko nyumba ya nyuma, karibu na ng'ombe. Vipimo vya sweta nitaviandika kurasa za mwisho, na huku mbele nitaandika mengine, maana maneno ninayo mengi na wa kumwambia sina.

Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Vumbi limeingia hadi kwenye sindano za mashine. Sweta tatu, zote rangi ya damu ya mzee.

Ijumaa, 7 Machi

Eli amerudi na sweta isiyo na mkono mmoja. Uzi wa sweta zangu hauachii wenyewe, kwa hiyo sikuuliza imekuwaje, niliuliza ni nani. Akasema Nathanaeli wa darasa la sita. Walikata uzi kwenye kiwiko, mmoja akamshika Eli, Nathanaeli akakimbia na ncha ya uzi kuzunguka uwanja mpaka mkono wote ukaisha. Wengine walikuwa wanashangilia.

Nathanaeli ni mjukuu wa Mzee Ephraimu, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mzee wa kanisa. Mtoto huyo nimemfumia sweta tangu darasa la kwanza. Nikamuuliza Eli, "Umemkosea nini?" Akasema hajamkosea, amefanya hesabu tu. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Richard, ndiye anayefundisha hesabu darasa la sita. Wakikosa, anatuma mtu amchukue Eli kutoka la tano aje azifanye ubaoni, kisha wote waliokosa wanapigishwa magoti mbele yake. Jana Nathanaeli alipiga magoti mara mbili.

Nilifuma mkono mwingine. Eli alikaa karibu yangu akinihesabia mistari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda shule. Mwalimu Richard alikuwa na kikao, nikapewa mwalimu wa darasa, Mwalimu Catherine, binti wa mjini anayevaa viatu vya kisigino kwenye njia za tope. Nikamweleza habari ya ubaoni na ya sweta. Akasema, "Mama Eli, mtoto wako ana akili sana, ila hajajifunza kunyamaza. Ijumaa amenisahihisha mbele ya wenzake." Nikamuuliza kama alichosahihisha kilikuwa kosa kweli. Akasema ndiyo, lakini si hoja. Nikaondoka kabla sijamwambia kitu kuhusu visigino vyake.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Eli alitoka nje na khanga ya bibi yake kichwani kwenda kutazama chupa yake. Ni chupa ya maji aliyoikata shingo, akaifunga kwenye mti wa uzio na kuibandika rula. Kila asubuhi kabla ya shule anasoma na kuandika kwenye daftari lake la mvua, tangu mwaka jana. Leo: milimita kumi na nne. Alicheka peke yake kama mtu aliyepata barua.

Jumapili, 23 Machi

Jana tulishinda mjini kufuata uzi kwa Mwanahalima, muuza uzi wangu, tukalala huko kwa sababu ya mvua. Leo Eli ameikuta chupa imejaa maji ya siku mbili, amekaa anaisikitikia. Bibi yake akamwambia, "Si ugawanye katikati, mjukuu wangu? Nani atajua?" Eli akasema, "Bibi, sikupima. Nikiandika namba ambayo sikuiona, basi daftari lote ni uongo." Akaandika kwenye nafasi ya jana: sikupima. Mama akanitazama na kutikisa kichwa. "Huyu wako atakuja kuteseka," akasema. Mimi nilijisikia fahari, na sioni haya kuandika hivyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Uzi unanuka unyevu. Sweta mbili tu.

Jumanne, 8 Aprili

Eli karudi na damu puani. Wamempachika jina la Profesa, na wiki hii wameongeza Mchawi, kwa sababu alikumbuka tarehe za kuzaliwa za darasa zima. Anakula chakula chake nyuma ya vyoo, na anasema huko kuna utulivu wa kusoma. Alinieleza hayo kwa sauti ileile ya kusoma milimita.

Mchungaji kaniambia mti wenye matunda ndio hurushiwa mawe. Nimemjibu asante mchungaji. Mti hautoki damu puani, na hauulizi mama yake kama anaweza kuwa mjinga kidogo kwa muda. Eli aliniuliza hivyo jana.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Gerson amechinja mbuzi. Mbele ya watu wote alimpakata Eli, akasema, "Huyu ni mtoto wetu. Atakayemgusa tena amenigusa mimi." Watu wakapiga makofi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa furaha, maana mtu akikusemea mbele za watu unaona uzito wote umeshuka. Milimita kumi na moja.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwalimu Catherine kaja nyumbani, visigino vimejaa tope. Nilidhani ni mashtaka. Akatoa karatasi kwenye pochi. Kuna shule binafsi huko upande wa Kisongo, kila mwaka wanachukua watoto wawili kutoka shule za serikali, watoto wenye vichwa vya ajabu, wanakaa bweni na hawalipi chochote. Mtihani na usaili ni tarehe 24 Mei. Fomu inataka sahihi na mhuri wa Mwalimu Mkuu, ifike kabla ya tarehe 17.

"Kwa nini unafanya hivi?" nikamuuliza, maana mimi sijui kupokea kitu bila kukigeuza geuza. Akasema, "Mama Eli, huyu mtoto hapa tutamuua. Sisi walimu, si watoto." Kisha akaomba maji ya kunawa miguu. Nilimpasulia na papai.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua siku tano mfululizo. Mfereji unanguruma hadi ndani tunausikia. Fomu iko mezani kwa Mwalimu Richard, "ataiangalia."

Jumamosi, 10 Mei

Tumetoka hospitali jana. Naandika yote kwa mpangilio, Eli asije akasema nimesahau.

Jumanne tarehe 6, baada ya kengele ya saa nane na nusu, watoto wa upande wetu walikuwa wanavuka mfereji kwenye yale magogo mawili. Nathanaeli na wenzake wawili walikuwa wanamngojea Eli. Wakamnyang'anya daftari la mvua. Nathanaeli akalishika juu ya maji, akamwambia apige magoti, kwani yeye Nathanaeli ameshapiga mengi. Eli akapiga magoti. Nasema tena: mtoto wangu alipiga magoti kwenye tope, mbele yao. Alipoinuka kuchukua daftari, Nathanaeli akamsukuma kifuani, akaanguka kinyumenyume ndani ya maji, na daftari likatupwa humo humo.

Mwalimu Catherine alikuwa nyuma yao na mwavuli. Aliona yote. Aliingia mferejini na viatu vyake, akamkuta Eli amenasa kwenye mizizi ya migomba hatua thelathini chini, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Kiatu kimoja cha mwalimu kilikwenda na maji. Daftari lilinasa palepale kwenye mizizi.

Nilimpakia Eli kwenye boda, mimi nyuma nimemshikilia, mvua ikitupiga usoni mpaka hospitali. Muuguzi akauliza, "Mtoto kapatwa na nini?" Eli akajibu mwenyewe, meno yakigongana: "Nathanaeli alinisukuma mferejini."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kama kaumizwa na mtu, mama, ni kesi hiyo. Nenda kwanza polisi ulete PF3. Bila ile fomu daktari hamgusi."

Boda alikuwa ameshaondoka. Polisi ni mbali, na huko nako utakuta afisa ametoka. Eli alikuwa ameanza kuwa mweupe midomoni. Nikasema, "Ameanguka, sister. Daraja letu linateleza. Huyu ana homa, anaweweseka."

Eli akanitazama. Homa hakuwa nayo wakati ule. "Mama, si kweli..."

"Nyamaza," nikamwambia.

Muuguzi akachukua kalamu. Kwenye kadi imeandikwa: Alianguka. Dakika kumi baadaye daktari alikuwa anaunyoosha mkono, Eli anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake, na mimi nilijiambia kwamba lile lilikuwa neno la kupitia mlangoni tu. Nikishaingia nitalirudisha.

Wamemfunga hogo, plasta ngumu ya kushika mfupa, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko. Mkono wa kulia, wa kuandikia. Usiku wa pili homa ikaja ya kweli, kana kwamba nilikuwa nimeiita. Tukalala siku tatu.

Jumapili, 11 Mei

Jana sikumaliza. Namalizia.

Tulipofika nyumbani Ijumaa nilikuta kreti la soda tupu kwenye kibaraza cha Gerson, na juu ya kizingiti cha mlango wake jani la isale limefungwa fundo. Sikuhitaji kuambiwa. Alhamisi, mimi nikiwa wodini namfuta mtoto jasho, Mzee Ephraimu na wazee wawili walikuja kuomba msamaha kwa isale, na aliyelipokea ni kaka yangu. Huku kwetu jani hilo halikataliwi, na likishapokewa jambo halisemwi tena, si kanisani, si shuleni, si polisi. Kreti ni soda kwa sababu mzee wa kanisa hanywi pombe mchana.

Nilimwambia Gerson, "Hukunisubiri hata mimi?"

"Dada, wewe huna mume wa kukusemea. Mimi ndiye mwenye boma. Wazee wamekuja na miguu yao, niwafukuze? Na yule mzee tunapakana naye, maji ya mfereji tunagawana naye."

"Pasaka ulisema atakayemgusa amekugusa wewe."

"Ndiyo," akasema, na hakuona aibu. "Amenigusa, na nimemsamehe."

Eli alikuwa amesimama mlangoni, hogo limening'inia shingoni kwa khanga. Akauliza, "Jani alipewa nani?"

Bibi yake akamwambia, "Mjomba wako, mjukuu wangu."

"Kwani mjomba ndiye aliyesukumwa?"

Niliingia jikoni. Mama yangu alinifuata, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliyepokea isale kisha akaenda kushtaki huiletea nyumba yake balaa, na nyumba hii ina mtoto mmoja tu wa kutegemewa. Mama simlaumu. Anaogopa kwa ajili ya mtu yule yule ninayemwogopea mimi.

Eli amelianika daftari la mvua juu ya figa. Kurasa zimevimba lakini zinasomeka. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi nje, ameandika kuanzia tarehe 7 hadi 9: sikupima, sikupima, sikupima. Tarehe 6 alikuwa amepima asubuhi, lakini ukurasa ule umechanika, naye hakumbuki kama ilikuwa ishirini na saba au ishirini na tisa. Akafikiri sana. Akaandika: ilipimwa, imepotea.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu Richard. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka aandike tukio kwenye kitabu cha shule kama lilivyotokea, kisha asaini fomu.

Alinisikiliza vizuri sana. Fomu ya Eli ilikuwa mezani, kiganja chake juu yake. Akasema, "Mama Eli, pole. Lakini nyumbani kwenu mmepokea isale, kweli si kweli?"

"Amepokea kaka yangu."

"Kwenu ni kwenu. Haya, hospitali kadi imeandika nini?"

Nikaitazama fomu chini ya kiganja chake.

"Nimeshaambiwa, imeandika alianguka. Aliyesema ni nani? Ni wewe mwenyewe. Sasa mimi niandike tofauti na mama mzazi na daktari?" Kisha akaigeuza fomu nikaiona. Kuna swali la tisa: Je, mtoto amewahi kuhusika katika ugomvi au kesi yoyote shuleni? "Ukitaka kesi, hapa naandika ndiyo. Wale wa Kisongo wana watoto mia mbili wa kuchagua. Mimi nakutakia mema. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Mwanaharamu. Alilisema kama watu wanavyolisema kila siku, na sidhani alifikiri alikuwa anazungumza na nani. Mimi nilifikiri.

Nje, Mwalimu Catherine alikuwa ananisubiri, amevaa ndala. Alinishika mkono, akasema, "Mimi niliona kwa macho yangu. Nitaandika maelezo, twende dawati la watoto polisi sasa hivi. Wakinihamisha wanihamishe."

Nilikuwa na mtu. Baada ya miaka kumi ya kujisemea peke yangu, nilikuwa na mtu amesimama mbele yangu na ndala, tayari. Nikamwambia, "Hapana, mwalimu. Mtihani kwanza." Akaniachia mkono. "Sawa, Mama Eli. Nilidhani wewe ndiye usiyeogopa."

Nikarudi ofisini. Nikasema, "Swali la tisa andika hapana." Akaandika hapana, akagonga mhuri, akanitakia siku njema.

Jumanne, 13 Mei

Nimemkalisha Eli. Nikamwambia kule watamuuliza habari ya mkono, aseme alianguka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uingie."

"Nikishaingia niseme ukweli?"

"Ukishaingia hakuna atakayeuliza."

Nilitegemea alie, au anikatalie kama alivyomkatalia bibi yake juu ya chupa. Nilikuwa karibu kuomba anikatalie. Badala yake akasema, "Mtu akianguka mwenyewe, anaangukia mbele. Mimi nilianguka kinyumenyume. Niseme nilianguka vipi?"

Tukakaa pale, mimi na mwanangu, tukatengeneza vizuri jinsi alivyoanguka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepeleka fomu mwenyewe. Milimita tisa. Mvua inapungua.

Jumatatu, 19 Mei

Anafanya mazoezi ya kuandika kwa kushoto. Kurasa nne kwa siku. Mwandiko wa kuku, lakini unasomeka. Haulizi tena maswali mezani. Gerson anasema sasa ametulia, amekuwa mtoto mzuri.

Jumamosi, 24 Mei

Usaili. Shule ina nyasi zilizokatwa na mabomba yanayotoa maji muda wote. Watoto wa viatu vyeusi vinavyong'aa, na wangu na hogo lake, sweta ya damu ya mzee, mkono mmoja nimeuacha wazi pembeni ili hogo lipite. Mtihani wa kuandika aliumaliza wa pili.

Kwenye mahojiano wazazi tulikaa nyuma. Mama mmoja wa heshima, miwani shingoni, akamuuliza kwa upole, "Pole na mkono, Elirehema. Nini kilitokea?"

Eli akasema, "Asante, nilianguka. Kuna magogo ya kuvukia mfereji, yana utelezi. Nilikuwa nakimbia kwa sababu niliona wingu la mvua, nikageuka nyuma kulitazama, ndiyo nikaangukia mgongo." Akatabasamu kidogo. "Napenda mawingu."

Wote wakacheka kwa kumpenda. Lile wingu hatukulipanga. Lile la kupenda mawingu pia hatukulipanga. Nilikaa pale nimeshika pochi yangu, nikaona jinsi alivyolifanya vizuri, vizuri kuliko mimi kwa muuguzi, kama anavyofanya vizuri kila kitu anachofundishwa mara moja.

Jumatatu, 2 Juni

Wamepiga simu. Amepata. Mama alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Gerson amewatangazia watu njia nzima kwamba mtoto wetu amechaguliwa. Mzee Ephraimu alimwombea jana kanisani "mtoto huyu wa jumuiya yetu", kabla hata majibu hayajatoka, akafumba macho kabisa. Mwalimu Richard amelibandika jina la Eli kwenye ubao wa matangazo.

Mwalimu Catherine nilikutana naye dukani. Nikamwambia asante kwa fomu. Akasema hongereni, akanunua chumvi, akaondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi imeingia, na kazi imejaa. Leo mama yake Nathanaeli amemleta apimwe sweta mpya, ya zamani imembana. Alisimama mikono juu mbele yangu, futi yangu kifuani kwake. Nilitaka kumchukia kwa karibu, maana kwa mbali nimeshamchukia vya kutosha. Akasema, "Shikamoo, mama." Mbavu zake nilizihisi zote. Mama yake alipotoka kupokea simu, akaniuliza haraka, "Eli ataondoka lini?"

"Jumapili. Kwa nini?"

"Basi Mwalimu hatatupigisha tena magoti," akasema.

Kifua sabini na sita. Nimeifuma vizuri, kola imekaa, mikono sawasawa. Ningeweza kuacha kushona ncha moja ndani, ikaanza kufumuka kwenye wiki ya pili. Sikuacha.

Jumapili, 8 Juni

Tumempeleka Eli baada ya ibada. Nimerudi peke yangu, ndiyo maana naandika.

Asubuhi alikuwa anapanga sanduku. Daftari la mvua la zamani, lile lililovimba, aliliacha kitandani. Alikuwa na jipya, amelinakili lote kwa mkono wa kushoto, mwaka na nusu wa mvua, mistari imenyooka. Alisema mwalimu wao wa jiografia atataka kuliona. Nikalifungua nimsifie.

Nikatafuta Machi, ile siku tuliyolala kwa Mwanahalima. Milimita saba. Nikatafuta wiki ya hospitali. Tarehe 6, 7, 8 na 9, zote zina namba. Nikarudi nyuma hadi mwaka jana, siku alizougua malaria, siku za msiba wa shangazi. Sikuona neno sikupima mahali popote.

Nikamuuliza, "Eli, hizi umezitoa wapi?"

"Nimekadiria, mama."

"Si ulisema daftari lote linakuwa uongo?"

Alikuwa anakunja soksi kwa mkono mmoja, anazibana na kidevu. "Nikiacha wazi watauliza kwa nini sikupima," akasema. "Nikisema nilikuwa hospitali, watauliza nilifanyaje. Nikiweka namba hakuna atakayeuliza."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Kisha akaniomba nimsaidie kufunga zipu.

Sasa nimekaa hapa, lile la zamani liko mbele yangu. Nje kumekauka, chupa iko kwenye mti wake na hakuna wa kuisoma. Nimelikumbuka lile jipya, ukurasa wa Mei. Tarehe 6: milimita 28. Katikati ya ishirini na saba na ishirini na tisa. Ni namba nzuri, na hata mimi ningeiamini.